Sura ya 6: Kidumu cha Lita 10

Kile kiti cheupe cha plastiki tulimnunulia sisi wenyewe. Shangazi alikuwa ametimiza miaka 69, eda ya mumewe imekwisha, na sote, watoto wake na sisi watoto wa kaka yake, tukakubaliana kwamba kazi sasa basi. Tukamletea binti wa kumsaidia. Tukavuta bomba hadi jikoni ili asibebe ndoo. Tukanunua jiko la gesi asiiname tena kupuliza moto, na kiti tukakiweka barazani, pembeni ya mlango, mahali anapopata upepo na kuwaona wapita njia. Akishika ufagio, mmoja wetu anamnyang'anya. "Kaa, shangazi. Umeshatumika vya kutosha." Naye akakaa, miaka miwili.

Siku aliyoanguka ilikuwa alfajiri, anakwenda kutia udhu. Kidole cha mguu kiligonga kizingiti cha bafu, kizingiti kilekile alichokivuka miaka nenda rudi, akaenda chini akitanguliza mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Daktari alimfunga hogo, kisha akatuambia tushukuru Mungu ni mkono. Mimi nililipokea neno hilo kama pole, kumbe lilikuwa onyo. Mtu mwenye mifupa imara akianguka kwa kimo chake mwenyewe, mara nyingi huinuka akajipangusa. Mfupa unaovunjika kwa mwanguko wa namna hiyo umekuwa ukidhoofika kimyakimya kwa miaka, na mara nyingi mkono ndio hutangulia, nyonga ikafuata baadaye. Nyonga ni habari nyingine kabisa. Hata katika nchi zenye hospitali za kutosha, takribani mzee mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hufariki kabla mwaka haujaisha, na wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani.

Wiki 6 baadaye hogo likatolewa, tukapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa rika la mwanangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, mara ya mwisho kunyanyua kitu kizito ilikuwa lini?"

Shangazi akanitazama mimi kwanza. "Hawa hawaniachi nikashika kitu, baba. Wamenikalisha kama pambo."

Kijana hakucheka. Alimwomba akunje mikono kifuani, ainuke kwenye kiti bila kujishika popote, akae, ainuke tena, kadiri awezavyo kwa sekunde 30, yeye akihesabu. Alifika mara 6. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na kinatumika katika nchi nyingi: mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10 huhesabiwa kuwa katika hatari zaidi ya kuanguka. Huyu ni mwanamke aliyelima mihogo na kubeba kuni kichwani mpaka nywele za utosini zikakatika. Miaka miwili ya kiti ilitosha. Sura hii naiandika kwa sababu ya zile mara 6.

*

Sisi tumeuzoea mfupa wa buchani: mweupe, mkavu, kitu cha kupasuliwa kwa shoka. Ndiyo maana tunadhani mfupa wa mtu nao ni jiwe linaloliwa na uzee polepole, na kwamba hakuna la kufanya ila kulilinda lisigongwe. Mfupa ulio ndani ya mtu aliye hai una damu, una neva, na una mafundi wasiolala. Kundi moja la seli, osteoklasti, hubomoa sehemu iliyochakaa. Kundi jingine, osteoblasti, hujenga upya palepale. Kwa mtu mzima, takribani sehemu 1 kati ya 10 ya mifupa yake hubadilishwa hivyo kila mwaka. Mpaka miaka 30 hivi ujenzi huwa mbele, au angalau hulingana na ubomoaji. Baadaye wabomoaji hutangulia kidogokidogo. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hao hupungua kwa kasi, na katika miaka 5 hadi 7 inayofuata anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake bila kusikia maumivu yoyote. Mwanamume naye hupoteza, ila taratibu zaidi, kwa hiyo babu asidhani sura hii ni ya bibi peke yake.

Mafundi hao huamuaje pa kujenga na pa kubomoa? Kwa uzito. Ndani kabisa ya mfupa zimo seli za aina ya tatu, osteositi, zilizojichimbia katika vishimo vidogo vilivyounganishwa kwa mifereji myembamba yenye majimaji. Ukiubebesha mfupa mzigo, unapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, majimaji yanasukumwa, na seli zile zinahisi. Hapo ndipo zinapotuma habari kwamba mahali hapa paongezwe. Zisipohisi kitu kwa muda mrefu, habari inayotoka ni kwamba hapa hapana kazi, pabomolewe.

Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Berlin, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujiunda kufuata mzigo unaobebeshwa, na ushahidi umezidi kulundikana tangu hapo. Mchezaji wa tenisi aliyeanza utotoni ana mfupa mnene zaidi kwenye mkono unaoshika raketi kuliko kwenye mkono wake mwingine: mtu yuleyule, chakula kilekile, damu ileile. Wanaanga wanaokaa angani kwa miezi hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, nao ni watu waliochaguliwa kwa afya zao na wanaokula kwa vipimo. Wanachokikosa ni uzito wa miili yao wenyewe. Nilipolisoma hilo nilikiona kiti chetu kwa jicho jingine.

Humu nchini Tanzania wapo wazee ambao hakuna aliyewaambia wakae. Katika bonde la Ziwa Eyasi, mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata wanawake wa Kihadzabe tangu miaka ya 1980, wakipima nani anatafuta chakula kiasi gani. Waliwakuta mabibi waliokwisha koma hedhi wakichimba mizizi kwa bidii kama mabinti zao, mara nyingine kuwapita. Mizizi ile iko chini ya mawe. Bibi huchuchumaa, hukita mti uliochongwa, huusukuma jiwe likaachia, huvuta, kisha huubeba mzigo hadi kambini. Simtamanishi mtu maisha ya Wahadzabe, maana wana taabu zao na ardhi yao inazidi kumegwa. Ninachosema ni kwamba mwili wa bibi haukuumbwa kwa ajili ya kuwekwa barazani.

*

Kila mwenye mifupa myepesi amewahi kuambiwa: usinyanyue kitu kizito. Nami nimewahi kulisema hilo kwa wema kabisa. Kwa miaka mingi hata madaktari walishauri hivyohivyo, mpaka Belinda Beck na wenzake wa Chuo Kikuu cha Griffith, huko Gold Coast, Australia, walipoamua kulijaribu. Waliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi, ambao vipimo vilionyesha mifupa yao imepungua. Nusu walipewa mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani. Wengine walifika mara 2 kwa wiki, dakika 30 tu kila mara, wakainua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima, wakachuchumaa na chuma mabegani, wakasukuma chuma juu ya kichwa, na wakadandia bomba kisha wakajiachia watue chini kwa kishindo. Mizunguko ilikuwa 5, kila mmoja mara 5, na uzito ulizidi asilimia 85 ya ule mkubwa kabisa ambao kila mmoja angeweza kuuinua mara moja.

Baada ya miezi 8, mfupa wa kiuno kwa waliobeba vyuma ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 2.9. Kwa wenzao wa mazoezi mepesi ulipungua kwa asilimia 1.2. Aliyeumia katika mazoezi mazito ni mmoja, mgongo ulikaza kidogo akakosa vipindi 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na mimi nayahesabu kuwa miongoni mwa habari njema kabisa za afya ya wazee katika miaka ya karibuni, ingawa sijawahi kuyasikia redioni.

Msomaji asikimbie kununua vyuma bado. Wanawake wale walipimwa kwanza. Mwezi wa mwanzo walijifunza namna ya kusimama na kuinama wakiwa na mizigo myepesi, na kila kipindi alikuwepo mtaalamu anayewatazama migongo. Aliyewahi kuvunjika pingili za uti wa mgongo, ambaye pengine hajui, ila amepungua urefu na mgongo umeanza kufanya kibyongo, aonane na daktari kabla ya kuinua chochote, kwa sababu kuinama huku mgongo umejikunja na umebeba mzigo kunaweza kuvunja pingili nyingine. Na kule kudandia na kutua kwa kishindo sikushauri kabisa kufanywa uani bila msimamizi.

Umri wenyewe si kizuizi. Mwaka 1990, jijini Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi mazito ya miguu wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wote wenye umri wa miaka 90 hivi. Katika wiki 8 nguvu za mapaja zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaziweka fimbo zao pembeni. Walipoachishwa mazoezi kwa wiki 4, karibu theluthi ya nguvu ile ilitoweka. Miaka minne baadaye timu hiyo ilirudia kazi kwa wazee 100, wastani wa umri miaka 87, na safari hii wengine walipewa kinywaji chenye lishe bila mazoezi. Waliofanya mazoezi walifikisha nguvu zaidi ya mara mbili ya zile za mwanzo. Kinywaji peke yake hakikuleta nguvu yoyote. Ndugu wa kileo tunapenda sana kumnunulia mzee kopo la unga wa lishe. Tumnunulie, lakini tujue kopo halitafanya kazi ya mguu.

Na kutembea je? Kutembea ni kuzuri kwa moyo, kwa sukari, kwa usingizi, na kwa kuwasalimu majirani. Kwa mfupa wa mtu ambaye tayari anatembea kila siku, hakuongezi kitu kikubwa, kwa sababu seli zile zimeshauzoea mzigo huo. Zinaamshwa na mzigo mzito kuliko wa kila siku, unaokuja na kuondoka, tena kwa muda mfupi. Baada ya mara chache tu huacha kuitika mpaka zipumzike. Hii ndiyo sababu vipindi viwili vya nusu saa kwa wiki vinaweza kufanya kazi ambayo kutembea kwa saa nzima kila siku hakuwezi.

*

Shangazi hangekwenda jimu, wala mjini kwetu hakuna jimu ambayo ningemkabidhi. Kijana yule alituuliza kama nyumbani kuna kidumu. Nani hana kidumu? Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kidumu cha lita 10 ni mzani na chuma kwa pamoja: unatia maji kadiri ya nguvu, na unaongeza kwa kikombe. Alituanzishia kwa lita 3.

Namna ya kukiinua ilimchukua shangazi wiki tatu kuipata. Kidumu kinakaa chini katikati ya miguu, sawa na vifundo, si mbele ya vidole. Miguu imepanuka kwa upana wa nyonga, nyayo zote zimetua. Kisha, na hapa ndipo penye kazi, matako yanarudi nyuma kana kwamba unataka kufunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Magoti yanakunja kidogo. Mgongo unabaki umenyooka kama ubao kuanzia shingoni hadi kiunoni, kifua mbele. Ukishakamata mpini kwa mikono yote miwili, unavuta pumzi, unakaza tumbo, unaisukuma ardhi kwa miguu mpaka umesimama wima, na huko juu unayakaza matako. Unashuka kwa njia ileile uliyopandia, bila kukibwaga. Mara ya kwanza shangazi alikunja mgongo kama anayeokota sindano. Kijana alichukua mpini wa ufagio, akauweka juu ya mgongo wake uguse kisogo, kati ya mabega na juu ya matako, akamwambia ainame bila ufagio kuachana na sehemu hizo tatu. Akafanya mara kumi, kumi na tano, kidumu kikiwa bado kando. Siku ufagio ulipokaa bila kuteleza alisema, "Kumbe ndivyo tulivyokuwa tukipanda mpunga." Na ni kweli: watazame wanawake wakiinama shambani, nyonga ndiyo inayokunja, mgongo umelala kama meza.

Zoezi la pili ni lile la kiti, sasa kiti cheupe kimepata kazi: kuinuka na kukaa mara 8, kupumzika, kurudia mara mbili zaidi, na ikiwa rahisi, kupakata mfuko wa unga wa kilo 2. La tatu ni kusukuma chupa mbili za maji za lita moja na nusu kutoka mabegani hadi juu ya kichwa. La mwisho ni kusimama kwa mguu mmoja kando ya meza, vidole viwili vikigusa ukingo. Hilo halijengi mfupa, linazuia kuanguka, na mfupa usioanguka hauvunjiki. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya mianguko ya wazee kwa asilimia 23, na mazoezi ya kujimudu mwili yalikuwa miongoni mwa yaliyosaidia zaidi.

Jumatatu na Alhamisi, baada ya chai. Kidumu ni mara 5, pumzika, mara 5 tena, mpaka mizunguko 5. Ukimaliza na ukaona ungeweza kufanya nyingine kumi, kidumu ni chepesi. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au maumivu makali ya ghafla yakishika mgongo, acha na umwone daktari. Kuuma kwa misuli kesho yake ni jambo la kawaida.

*

Mfupa umejengwa kama nguzo ya zege. Kuna nondo, ambayo ni kolajeni, aina ya protini, inayofanya mfupa uweze kupinda kidogo bila kukatika. Na kuna zege, madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayoufanya uwe mgumu. Watu huuliza habari za kalsiamu, wakasahau kwamba zege bila nondo hupasuka kwa tetemeko dogo.

Nilikaa kwa shangazi siku tatu nikitazama sahani yake. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate. Mchana ugali na mchuzi wa changu: yeye ndiye aliyepakua, na kila finyango ikaenda kwenye sahani ya mjukuu, akabaki na mkia na mchuzi. Usiku uji wa sembe, kwa sababu "mtu mzima halali na tumbo zito". Nilipiga hesabu, protini ya siku nzima haikufika gramu 30. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Shangazi ana kilo 58, kwa hiyo alikuwa anakula nusu ya anachohitaji au chini yake, katika nyumba yenye chakula, katikati ya watu wanaompenda. Mama zetu wamelelewa kujinyima hivyo, na sisi tumelelewa kutoliona. Nadhani hili linavunja mifupa mingi kuliko uhaba wa vidonge.

Tukabadilisha mambo mawili. La kwanza, sahani yake inapakuliwa na mwingine, na inapakuliwa ya kwanza. La pili, chakula chenyewe. Asubuhi uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa, na yai. Saa nne glasi ya mtindi. Mchana kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, ugali, na sukuma wiki. Usiku kikombe cha maharage au dagaa. Hapo gramu 60 zinafikiwa bila kopo la dukani. Mwenye ugonjwa wa figo asiige, kwanza azungumze na daktari wake.

Kalsiamu inayopendekezwa Marekani kwa mwanamke aliyepita miaka 50, na kwa mwanamume aliyepita 70, ni miligramu 1200 kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi inakupa kama 300. Mtu ambaye maziwa humjaza gesi mara nyingi huuvumilia mtindi, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari inayosumbua. Ulezi unapita nafaka zetu nyingine kwa mbali, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga, na ukilowekwa, ukafanywa kimea au ukachachushwa kama wanavyofanya wapika togwa, mwili huyapata madini yake kwa urahisi zaidi. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini una oksaleti zinazoifunga, hivyo sukuma wiki ni bora kwa kazi hii. Mchicha tule kwa faida zake nyingine.

Na dagaa. Samaki mkubwa unakula nyama unaacha mfupa kwa paka. Dagaa unamla na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe. Wakaushwao juani, wawe wa Mwanza, ambao wenzetu wa Kenya huwaita omena, au wa Kigoma, wamejaa protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kuikaribia. Shangazi huwaosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, akatoa vichwa, akawakaanga wakavunjika mdomoni, kisha nyanya, kitunguu na tui kidogo. Ukitaka kichwa kitoe, uti wa mgongo usiuguse. Chumvi usizidishe, maana chumvi nyingi husukuma kalsiamu itoke na mkojo.

Supu ya makongoro naipenda kama mtu mwingine yeyote. Lakini imani kwamba kunywa mchuzi wa mifupa kunarudisha mfupa haina msingi mkubwa: kalsiamu inayotoka kwenye mfupa na kuingia kwenye mchuzi, hata ukichemka usiku kucha, ni kidogo sana.

Chakula kikiongezwa kwa mtu aliyepungukiwa, matokeo huonekana hata bila vyuma. Katika nyumba 60 za kulelea wazee huko Australia, zilizokuwa na wakazi zaidi ya 7,000, nusu ya nyumba ziliongezewa maziwa, mtindi na jibini. Katika miaka miwili kuvunjika mifupa kulipungua kwa theluthi moja, na kuvunjika nyonga kwa asilimia 46. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2021. Hakuna sindano wala kidonge katika habari hii, ni maziwa tu.

Jua nalo lina sehemu yake, kwa kuwa bila vitamini D utumbo haufyonzi kalsiamu vizuri. Watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa njia za asili walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huhesabu chini ya 50 kuwa ni upungufu. Wako juani. Bibi wa mjini anayekaa ndani, na anapotoka amejistiri kwa buibui, yuko kwenye nchi ya jua lakini jua halimfikii, na ngozi ya mzee hutengeneza vitamini hiyo polepole kuliko ya kijana. Uani mwake, penye faragha, avae kanga mikono na miguu iwe wazi, akae kwa muda pale kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko yeye. Asiyeweza, kidonge kidogo cha kila siku kwa ushauri wa daktari kinafaa. Dozi kubwa ya mara moja ni hatari: Australia, wanawake waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

*

Kizingiti cha bafu tulikivunja. Fundi alimaliza kwa nusu saa, na tukaweka bomba la chuma la kushikia ukutani, taa ya ukumbini inayowaka usiku kucha, na viatu vya kufunga kisigino mahali pa malapa yaliyochakaa. Mkeka uliokuwa ukijikunja pembe umehamia chumbani. Binti wa kazi bado yupo, ila shangazi ndiye anayetwanga na kukuna nazi, tena akiwa kwenye mbuzi, chini, na kuinuka kwake kutoka pale ni zoezi ambalo hakuna aliyemwandikia. Anaswali akisujudu chini. Dini imemruhusu kiti asiyeweza, naye anasema yeye anaweza.

Mjukuu wake ndiye mwenye kazi ya kuchora mistari kwenye kidumu, kwa rangi ya kucha, nyekundu. Mstari wa kwanza uko chini kabisa, lita 3, na pembeni kaandika tarehe. Inapanda kwa kipimo kisicholingana, kwa sababu mwezi wa mfungo hatukuongeza kitu, na ilikuwapo wiki ya homa tuliyorudi nyuma. Juzi alirudia kipimo cha kiti, sekunde 30, mara 13. Mstari wa mwisho sasa uko shingoni mwa kidumu, na Alhamisi tunaanza na kile cha lita 20, kikiwa na lita 11.